Mkate wenye harufu ya kiberiti

Wasee, kuna swali moja ambalo ukitafuta kazi Kenya utaulizwa tu, kama si kwa intavyuu basi wiki ya kwanza ofisini wakati wa chai. "Na wewe unaenda kanisa gani?" Angalieni vizuri hilo swali. Hakuna anayeuliza kama unaenda. Walishakubaliana kwamba unaenda, imebaki tu kujua mtaa. Ukiwa Muislamu unataja msikiti na mambo yanaisha hapo. Lakini kuna watu ambao wakisikia hilo swali chai inakuwa chungu ghafla, kwa sababu jibu lao ni "siendi, na siamini," na wanajua hilo jibu halitabaki kwa hiyo meza.

Leo sitaki tubishane kama Mungu yuko ama hayuko. Hayo mabishano mnayajua, huanza saa mbili usiku na kuisha saa nane watu wakiwa wamekosana na hakuna aliyebadilisha mawazo. Mimi nataka kuongea kuhusu unga. Yaani kazi, mshahara, jina lako kwa orodha ya malipo mwisho wa mwezi. Na nataka kuongea kupitia jamaa mmoja wa London anayeitwa Charles Bradlaugh, ambaye ukisoma maisha yake unaona ni kama orodha ya kazi alizotolewa, moja baada ya nyingine, hadi siku alitolewa Bungeni akivutwa na polisi. Mwishoni mtaona kwa nini stori ya mzungu wa karne ya 19 inamgusa mtu anayeingia korti ya Milimani kesho asubuhi.

Kwanza niseme kitu kuhusu lugha yetu. Kiswahili kinamuita mtu kama huyo "mkana Mungu." Sasa kukana ni kama vile baba anakana mtoto: mtoto yuko, baba anajua yuko, ni vile tu hataki kulipa karo. Ukimuita mtu hivyo umeshamhukumu kabla aongee. Cha kushangaza, Bradlaugh mwenyewe alilishika hilo jambo bila kujua neno moja la Kiswahili. Alieleza kwamba yeye hamkani Mungu, maana huwezi kukana kitu ambacho jina lake halikupi picha yoyote kichwani. Kwa hivyo hapa nitasema "asiyeamini," tuendelee.

Alizaliwa 1833 Hoxton, mtaa wa watu wa kawaida mashariki mwa London. Baba yake alikuwa karani wa wakili, si mtu wa pesa. Kijana akaacha shule mapema, akiwa na miaka 12 alikuwa mtu wa kutumwa-tumwa kwa ofisi ya babake, na akiwa na 14 akapata kazi nzuri kwa umri wake: karani na mshika pesa kwa kampuni ya makaa ya mawe. Jumapili alikuwa anafundisha Sande skuli. Mtoto wa kupewa mfano, kwa ufupi. Ule mtoto mama yako anakulinganisha naye.

Askofu wa London alikuwa anakuja eneo lao kufanya kipaimara, na kasisi wa parokia, John Graham Packer, akamwambia Charles ajiandae vizuri ndio aonyeshwe kama mwanafunzi bora. Shida ni kwamba Charles alijiandaa kweli. Akachukua vile Vifungu 39 vya imani ya Kianglikana, akaviweka kando ya Injili nne, akaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Akapata mahali havikubaliani. Akamwandikia kasisi barua kwa adabu kumuomba msaada. Kumbukeni kijana hajasema haamini. Ameuliza swali la somo alilopewa.

Packer hakujibu swali. Alimsimamisha kufundisha miezi 3 na kuwaambia wazazi kwamba mtoto wao anaelekea kubaya. Na hapa kuna kichekesho: kwa sababu sasa Charles hakuwa na darasa Jumapili, alikuwa na wakati wa kwenda Bonner's Fields, uwanja ambapo watu walikuwa wakikutana kubishana kuhusu dini na siasa. Kama wangemwacha na watoto wake wa Sande skuli pengine angekufa akiwa mzee wa kanisa.

Nyumbani mambo yakachacha. Babake alitundika ukutani, mbele ya kiti cha kijana, ule mstari wa Zaburi ya 14 unaozungumzia mpumbavu. Kila akikaa kula, anausoma. Halafu ikaja ile iliyomaliza kila kitu. Akiwa na miaka 16 hivi, alipewa siku 3: abadilishe maoni yake ama apoteze kazi. Siku ya tatu aliondoka, akaacha kazi na nyumba ya babake siku moja.

Hebu tusimame hapa, maana watu husoma hii sehemu haraka. Packer hakuwa bosi wa Charles. Hakuwa na uwezo wa kumpiga kalamu. Alichokuwa nacho ni njia ya kufika kwa babake, na kwa waliomwajiri. Kazi ya kijana ilikuwa imeshikwa na kamba tatu, kanisa na familia na mwajiri, na zote tatu zilikuwa zimefungwa kwa fundo moja. Sisi tunadhani ubaguzi kazini ni kitu kinachofanyika ofisini, kati yako na mdosi. Sivyo. Fikiria ulivyopata hiyo kazi yako. Kuna anti fulani aliyekuongelesha kwa mtu. Huyo mtu ako kamati ya harambee pamoja na bosi. Bosi na pasta walisoma shule moja. Ukitoka kwa imani haukosani na mtu mmoja. Umekosana na hilo fundo lote.

Kwa hivyo kijana yuko nje. Waliompa mahali pa kulala ni watu wasioamini, nyumbani kwa Eliza Sharples, mjane wa Richard Carlile, mchapishaji aliyefungwa miaka mingi kwa kuchapisha vitabu vya kupinga dini. Akaamua ajiajiri: auze makaa ya mawe kwa komisheni. Biashara ni biashara, si ndio? Makaa hayana dini. Akapata wateja wachache, na mkubwa wao alikuwa mke wa mwoka mikate, ambaye alihitaji makaa mengi kwa tanuri. Siku moja huyo mama akawa amesikia habari zake, akamuuliza kama ni kweli yeye haamini. Hakukana. Mama akakataa makaa yake, akasema anaogopa mkate wake utanuka kiberiti.

Kwa wale waliokua wakitumia neno kiberiti kwa ile ya kuwashia jiko tu: hicho kiberiti ni kile cha "moto na kiberiti" cha Biblia, harufu ya jehanamu. Mimi hii stori ilinichekesha mara ya kwanza, halafu ikakataa kunichekesha tena. Huyo mama hakuwa mkatili. Pengine alikuwa mtu mzuri kabisa. Alikuwa na duka, na duka lina wateja, na wateja wakisikia makaa yanatoka kwa yule kijana itakuwa aje? Woga wa biashara ulivaa nguo ya dini. Nadhani hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Bosi hakuchukii, anaogopa tu wewe ukikaa mbele ya mteja mkubwa wa kanisa, harufu itatoka.

Biashara ikaanguka, akabaki na deni la pauni 4 na kitu. Mwisho wa 1850 akajiunga na jeshi kuepuka hiyo aibu, akapelekwa Ireland, na 1853 akanunua uhuru wake kutoka jeshini na kurudi London kutafuta kazi upya. Miaka 20 ndiyo hiyo, na tayari amemwaga unga mara mbili.

Sasa ndio anaingia mtu ninayempenda zaidi kwa hii historia, na hana hata sanamu mahali. Ni wakili mmoja aliyeitwa Rogers. Alimpa Bradlaugh kazi ya kutumwa, kisha akamfanya karani baada ya kuona kichwa chake kinafanya kazi. Haikuchukua muda barua zisizo na jina zikaanza kuja ofisini kwa Rogers zikimjulisha kwamba karani wake ni mtu asiyeamini. Watu walikaa chini, wakachukua wino na karatasi, wakalipa stempu, ili tu kijana apoteze kazi! Rogers hakumfukuza. Alichoomba ni kimoja, kwamba mahubiri yake ya mitaani yasiharibu jina la ofisi. Ndio Bradlaugh akaanza kutumia jina la kazi, Iconoclast, maana yake mvunja sanamu. Mchana karani anayenakili hati, jioni Iconoclast anayejaza kumbi.

Ninyi wenye akaunti mbili mitandaoni, moja ambayo wafanyakazi wenzenu wanaijua na nyingine yenye picha ya katuni, msidhani mlianzisha kitu.

Na mimi nimeonja kidogo. Nilipoacha chuo nilipata kibarua cha kuandika vitu vya mitandao kwa kampuni moja Nairobi, jina si muhimu. Kila Jumatatu asubuhi ilikuwa maombi, na mnapokezana kuongoza. Zamu yangu ilipofika nikasema naomba nipite, ninyi endeleeni, sina shida. Hakuna aliyenitukana. Kukawa kimya tu, kama ya sekunde tano hivi, halafu dada mmoja akachukua zamu. Mwisho wa mwezi nikaambiwa mkataba hautaendelea, mambo ya bajeti. Labda kweli ilikuwa bajeti. Sitawahi kujua, na hiyo ndiyo tofauti kati yangu na Bradlaugh. Yeye alipewa siku 3 na sababu. Sisi wa leo tunapewa "bajeti."

Lakini tusimsifu sana huyo Packer kwa ukweli wake, kwa sababu aliweza kusema wazi kwa vile sheria yenyewe ilikuwa upande wake. Kuna kitu hakifundishwi shuleni: Uingereza ya wakati huo, ukiwa huamini Mungu haukuwa na uwezo wa kutoa ushahidi kortini. Ushahidi ulihitaji kiapo, na kiapo kilihitaji mtu anayeogopa kuadhibiwa na Mungu akidanganya. Bila hiyo hofu, neno lako si kitu. Fikiria maana yake kwa mfanyakazi. Mtu akikunyima mshahara, akikuibia, akikupiga, unaenda kortini na wakili wake anasimama kukuuliza swali moja tu kuhusu Mungu. Ukijibu kwa ukweli, umeisha. Bradlaugh mwenyewe alipomshtaki mtu kwa pesa alizomdai, upande wa pili ulimpinga kwa njia hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, mtu anaaminika akidanganya kwamba anaamini, na haaminiki akisema ukweli kwamba haamini. Sheria ilikuwa mashine ya kuchuja watu waaminifu na kuwatupa nje. Ilibadilishwa 1869, ikaongezewa 1870, na kesi za Bradlaugh zilichangia pakubwa.

Vyuoni ilikuwa vivyo hivyo, ila kwa adabu zaidi. Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Cambridge, alikuwa na nafasi yake chuoni, nafasi iliyotaka uwe umekubali imani ya Kanisa la Uingereza. Alipoona hawezi tena kuikubali kwa dhamiri safi, alijiuzulu mwenyewe 1869. Miaka 2 baadaye Bunge likaondoa hilo sharti kwa nafasi nyingi za Oxford na Cambridge. Sidgwick alikuwa na marafiki na heshima, chuo kilimweka kwa njia nyingine. Karani wa Hoxton hana hiyo bahati. Huwa natamani watu wakiongea kuhusu "uhuru wa mawazo" waulize kwanza ni nani ana akiba ya miezi sita.

Haya, tufike Bungeni.

Aprili 1880 watu wa Northampton walimchagua Bradlaugh kuwa mbunge. Northampton ulikuwa mji wa mafundi viatu, watu wenye msimamo, na alikuwa amewania hapo tangu 1868 akishindwa. (Mwaka huo wa 1868 mwanafalsafa John Stuart Mill alimchangia pauni 10 za kampeni, na kelele za huo mchango zilisaidia kumwondoa Mill mwenyewe Bungeni. Hata kumchangia tu kulinuka kiberiti.) Na niongeze, wabunge wetu wasisikie hii: ubunge wa Uingereza haukuwa na mshahara hadi 1911. Kwa hivyo huyu mtu atapigania karibu miaka 6 kazi isiyolipa.

Ili kukaa, mbunge alipaswa kula kiapo kwa jina la Mungu. Huo mlango ulikuwa unafunguliwa polepole kwa miaka. Wakatoliki waliingia 1829. Waquaker, ambao dini yao inawakataza viapo, wakaruhusiwa kuthibitisha tu, yaani kutoa ahadi rasmi bila kumtaja Mungu. Lionel de Rothschild, Myahudi, alichaguliwa 1847 na akakaa nje hadi 1858. Kwa hivyo Bradlaugh alipofika tarehe 3 Mei 1880 aliomba kitu cha kawaida: nami niruhusiwe kuthibitisha, kama Quaker.

Kamati ikakaa. Ikagawanyika sawa, mwenyekiti akapiga kura ya uamuzi: hapana. Sawa, akasema Bradlaugh, kama sheria inataka kiapo, nitakula kiapo. Yale maneno ya mwisho hayana maana kwangu lakini ahadi yenyewe itanifunga. Hapo ndipo moto ulipowaka. Ati sasa ni mnafiki! Ati anakufuru! Lord Randolph Churchill, babake yule Winston, alichukua kijitabu cha Bradlaugh akakitupa chini na kukikanyaga mbele ya Bunge zima. Tarehe 22 Juni wakapiga kura, 275 kwa 230, kwamba huyu mtu asikubaliwe kuapa wala kuthibitisha.

Oneni huo mtego. Akikataa kiapo, hafai. Akikubali kiapo, hafai. Ukikataa kushika mikono kwenye maombi ya ofisi wewe ni mwenye kiburi, ukishika wewe ni mnafiki, na yule aliyekufanyia hesabu alishaandika jibu kabla uingie.

Na pale Bungeni walikuwepo wengine wasioamini! Hii sehemu ndiyo hunichoma. Mbunge mwenzake wa Northampton, Henry Labouchere, hakuwa na imani yoyote ya maana, na kila mtu alijua. Alikula kiapo bila shida, akaketi, na akawa anatania kwamba yeye ndiye mbunge Mkristo wa Northampton. Labouchere alitoka familia ya pesa, alikuwa mcheshi, na hakusema kwa sauti. Kutoamini hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutoamini ukiwa mtoto wa karani, na ukiulizwa unajibu. Nikiwa mkweli, kulikuwa na mengine pia: Bradlaugh hakutaka ufalme, na 1877 yeye na Annie Besant walishtakiwa kwa kuchapisha kitabu cha kupanga uzazi. Na upinzani ulifurahia kumchokoza waziri mkuu Gladstone kupitia kwake. Dini ilikuwa mpini mzuri wa kushikia vitu vingi.

Tarehe 23 Juni akaitwa aondoke ukumbini, akakataa, akafungiwa usiku huo ndani ya mnara wa saa wa Bunge. Ndiyo, ule wa Big Ben unaouona kwa picha za watalii. Wakamwachilia kesho yake. Julai Gladstone akapitisha azimio kwamba athibitishe, lakini hatari ni yake. Akaketi, akafanya kazi miezi 9 hivi. Machi 1881 korti ikasema hakuwa na haki hiyo, na faini ya kupiga kura bila kiapo ilikuwa pauni 500 kwa kila kura. Akapoteza kiti. Mafundi viatu wakamchagua tena.

Tarehe 3 Agosti 1881 alijaribu kuingia. Alikuwa mtu mkubwa, zaidi ya futi 6, na wahudumu wa Bunge pamoja na polisi walimburuta ngazi hadi uani, koti limeraruka, uso umebadilika rangi. Februari 1882 alikuja na Agano Jipya mfukoni, akaenda mezani akajiapisha mwenyewe. Wakamfukuza. Northampton wakamchagua tena. 1884 akarudia, wakamfukuza, Northampton wakamchagua tena. Hawa mafundi viatu, hata kama wengi wao walikuwa watu wa kanisa, hawakuwa wanapigia kura kutoamini. Walikuwa wanasema sisi ndio tumemwajiri, ninyi ni nani wa kumfuta?

Mwaka 1883 serikali ilileta mswada wa kuruhusu wabunge kuthibitisha. Aliyeutetea kwa hotuba ndefu ni Gladstone, mtu wa maombi haswa, Mwanglikana hadi mifupani. Hoja yake ilikuwa kwamba kiapo cha aina hiyo kilishaacha kulinda Ukristo, kilichobaki ni kutaka mtu aseme kuna Mungu fulani, yeyote yule, na hilo ni tusi kwa dini yenyewe. Mswada ukaanguka kwa kura 3: 292 kwa 289. Lakini ukitafuta mtetezi kazini, usianze na yule wa kukubaliana nawe mambo yote. Tafuta yule Gladstone, yule mama wa kanisa ambaye hawezi kuvumilia mtu kuonewa.

Halafu, baada ya hayo yote, jambo likaisha kwa dakika chache. Tarehe 13 Januari 1886, Bunge jipya, Spika Arthur Peel akasema yeye hana haki ya kuingilia kati ya mbunge na kiapo chake, wala hamruhusu mwingine kuingilia. Bradlaugh akaapa, akaketi. Uwezo wa kusema hivyo ulikuwepo siku zote. Miaka karibu 6, chaguzi tano, koti moja, na mwenye kiti angeweza kusema maneno mawili tangu 1880.

Alikaa akafanya kazi kama mtu aliyechelewa. Alitetea India sana hadi akaitwa mbunge wa India, na 1889 alisafiri hadi mkutano wa Indian National Congress, Bombay. Tarehe 27 Januari 1891 Bunge liliamua kufuta kwenye kumbukumbu zake lile azimio la 22 Juni 1880. Bradlaugh alikuwa kitandani hajitambui. Alikufa tarehe 30. Kwenye mazishi kulikuwa na Wahindi wengi wa London, mmoja wao mwanafunzi wa sheria anayeitwa Mohandas Gandhi, mtu wa dini kabisa.

Kabla ya kufa alikuwa amepitisha kitu kimoja zaidi: sheria ya viapo ya 1888. Inasema mtu anayekataa kuapa, akieleza kwamba sababu ni kuwa hana imani ya dini, au kwamba kiapo ni kinyume cha imani yake, ataruhusiwa kuthibitisha, na uthibitisho wake una nguvu sawa na kiapo.

Sasa fungua Sura ya 15 ya sheria za Kenya, ile ya viapo. Utakuta maneno hayo, karibu neno kwa neno. Yalikuja na ukoloni na yakabaki. Ndio maana hata viapo vya rais na wabunge kwenye Katiba ya 2010 vina njia mbili, kuapa au kuthibitisha, na yale maneno ya kumuomba Mungu msaada ni ya anayeapa tu. Ibara ya 32 inasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kufanya kitendo kilicho kinyume nayo. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza ubaguzi wa dini kazini. Ndiyo, kanisa likitafuta pasta linaweza kutaka anayeamini, hiyo ni kazi yenyewe. Mtu wa hesabu za gari la mizigo ni habari nyingine. Na hatuzungumzii watu watatu: sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Wangapi kati yao wamemwambia mdosi?

Kuna mwiba mmoja ulibaki ndani ya hiyo sheria ya Bradlaugh, na wasioamini wenzake walimlaumu kwa huo. Ili uruhusiwe kuthibitisha, lazima utaje sababu. Lazima useme kwa mdomo wako kwamba huna dini. Uingereza ilishaondoa hilo sharti. Leo ukikataa kuapa inatosha, hakuna anayekuuliza. Sisi tulibaki na maneno ya 1888. Kwa hivyo chukua mtu aliyefukuzwa kwa kutoamini, na akapata ujasiri wa kwenda Korti ya Ajira. Bosi amekaa upande ule, watu wa ofisi wamekuja kama mashahidi, pengine na anti aliyemtafutia hiyo kazi yuko pale nyuma. Karani anamletea Biblia. Kabla aseme lolote kuhusu mshahara wake, sheria inamtaka asimame mbele yao wote aeleze kwa nini haichukui.